Jirani wa Kwanza wa Lambert

Katika mtaa wa Spoelstraat nyumba zimeshikana mabega, arobaini upande huu na arobaini upande ule, zote za matofali mekundu. Hermien Wesselink alizaliwa katika moja, akaolewa katika nyingine, na kwa miaka thelathini na moja akapeleka barua katika zote.

Baba yake alikuwa mfumaji. Kiwanda kilipofungwa Hermien alikuwa na miaka kumi na tisa, na alichokumbuka zaidi ni kimya. Mashine zilinyamaza siku ya Ijumaa, na Jumamosi familia nzima ikawa bado inaongea kwa kupiga kelele mezani, maana hakuna aliyejua kuongea taratibu. Mwaka uliofuata akavaa sare ya posta, akapanda baiskeli yenye mifuko miwili mikubwa nyuma, na tangu siku hiyo mtaa ukaanza kupita mikononi mwake. Aliijua bahasha ya hospitali kwa kuishika tu. Alijua kijana wa nani anaandika kutoka jela, na binti wa nani ameacha kuandika. Alibeba siri za Spoelstraat begani mvua na jua, na hakumwaga hata moja.

Alipostaafu alirudisha baiskeli, lakini mtaa hakuurudisha. Mtoto akizaliwa, ni Hermien aliyefika na mkate wa zabibu mrefu kama mkono wa mtu mzima. Mtu akifa, ni Hermien aliyepita mlango kwa mlango akitoa habari, sauti ileile, maneno yaleyale, kuanzia namba moja hadi themanini.

Na alikuwa jirani wa kwanza wa Lambert Wolbers. Huko Twente, mashariki ya Uholanzi, kila nyumba ina jirani wake wa kwanza, na jambo hilo haliandikwi popote. Jirani wa kwanza ndiye anayeitwa kabla ya daktari na kabla ya padri. Lambert anakaa namba ishirini na nne, Hermien na mumewe Gait wanakaa ishirini na mbili, na katikati kuna ukuta wa tofali moja. Truida, mke wa Lambert, alipofariki miaka miwili iliyopita, Lambert hakupiga simu. Aligonga ule ukuta mara tatu kwa ngumi. Hermien akaenda akiwa na soksi tu, akamwosha Truida, akamvalisha, akamchana nywele akizipeleka upande wa kushoto kama alivyopenda mwenyewe. Kati ya mambo yote aliyowahi kufanya duniani, hilo ndilo aliloliona kuwa lake kabisa.

Halafu ukaja mradi.

Ulikuja kwa sababu ya wezi. Masika ile baiskeli saba za umeme ziliibwa mchana kweupe, nyumba mbili zikavunjwa wenyewe wakiwa kazini, na bibi mmoja wa namba sitini na tatu alimkaribisha mtu aliyejidai amekuja kusoma mita ya gesi, akampa kahawa na biskuti, na mtu huyo akaondoka na pete zake zote. Manispaa ikasema itafanya majaribio ya miezi sita ya ulinzi wa mtaa utakaoongozwa na wakazi wenyewe. Watu watazunguka wawili wawili, saa nne asubuhi na saa kumi jioni. Kutakuwa na kundi moja la simu, karatasi moja ya utaratibu, na mratibu mmoja.

Hermien alipiga pasi blauzi ya bluu siku mbili kabla ya mkutano.

"Unaenda harusini?" Gait alimuuliza.

"Naenda mkutanoni, na wewe unyoe."

Mkutano ulifanyika kwenye ukumbi wa kwaya. Mama wa manispaa, aliyetoka magharibi ya nchi na aliyeongea haraka haraka, aliuliza nani awe mratibu. Watu wote wakageuza shingo. Toos Hilbrink, anayekaa namba thelathini na moja na hajawahi kukaa kimya dakika nzima, akasema, "Si Hermien? Nani mwingine?"

"Hermien, unasemaje?" mama wa manispaa aliuliza.

Hermien akafanya kama alivyolelewa. Pale kwao mtu hakubali mara ya kwanza. Ukikaribishwa kahawa unasema hapana, ukikaribishwa tena unasema haya, kidogo tu. Akainamisha kichwa, akasema, "Aa, mimi? Hapana. Mimi mzee sasa."

Akangoja kuulizwa mara ya pili.

"Sawa, tunaheshimu uamuzi wako," mama wa manispaa akasema, akapiga mstari kwenye karatasi yake. "Mwingine?"

Watu wa Twente wote walijua kilichotokea, na kwa kuwa walikuwa watu wa Twente, hakuna aliyesema. Kisha mkono ukanyooka kutoka viti vya nyuma.

"Mimi naweza, kama hakuna mwingine. Kwa furaha kabisa."

Alikuwa Mirjam van Dalen wa namba ishirini na tano, nyumba inayotazamana na ya Lambert. Ana miaka thelathini na minane, alihamia kutoka Utrecht, na hana hata miaka mitatu mtaani. Mkate wa kumkaribisha, ni Hermien aliyempelekea. Mikono ikainuka. Mkono wa Gait nao ukainuka, kisha akamwona mkewe anavyomtazama, ukashuka nusu, ukabaki hapo hewani kama kitu kilichosahauliwa.

Hermien alirudi nyumbani hatua mbili mbele ya Gait.

"Ulisema hutaki," Gait alisema kwa nyuma.

"Nilisema hapana mara moja."

"Sasa yule mama wa watu angejuaje?"

"Wewe ulijua."

Gait akaenda kuwalisha njiwa wake.

Ndivyo wivu ulivyoingia nyumba namba ishirini na mbili. Haukuja kwa kishindo. Ulikuja kama unyevu wa ukutani, alama ndogo kwanza, halafu harufu, halafu siku moja unaweka mkono na unakuta ukuta wote umelowa. Ungekuwa mwepesi kama Mirjam angekuwa mtu mbaya. Lakini Mirjam alikuwa mwema, mwema wa kuchosha. Aliwajua watoto kwa majina. Alikumbuka nani ana kisukari. Alicheka kwa mdomo wazi, na watu waliokuwa hawajacheka tangu kiwanda kifungwe walianza kucheka naye kando ya barabara.

Na wezi wakapungua. Hilo ndilo lililouma zaidi. Mwezi wa kwanza iliibwa baiskeli moja, mwezi wa pili hakuna. Msoma mita wa uongo alirudi, akakutana na Toos na mwenzake waliovaa vizibao vya njano vya ulinzi, akageuza gari mpaka akagonga nguzo.

Gait naye alichukua kizibao. Jumatatu na Jumatano alizunguka na Mirjam, na alirudi ana rangi mashavuni.

"Mirjam anasema nina macho makali."

"Una miwani mitatu na huoni chumvi mezani."

"Anasema tu, mama. Ananisifia."

"Basi akupikie."

Alikuwa anatania, lakini mkono wake ulipasua yai kwa nguvu mno na maganda yakaingia kikaangoni.

Alihesabu bila kutaka. Zamani watu watano, sita kwa siku walisimama kwenye dirisha lake. Hermien, umeona paka wangu? Hermien, nikisafiri utanichukulia gazeti? Mwezi wa tatu wa mradi walikuwa wawili. Wiki moja alikuja mmoja tu, naye aliuliza kama Gait yupo. Na mchana, kupitia pazia, alimwona bibi wa namba sitini na tatu, ambaye kwa miaka ishirini alikuwa anamletea Hermien jemu ya matunda ya msituni, akivuka barabara na chupa mbili kifuani. Akaenda namba ishirini na tano.

Chupa mbili! Hermien alikuwa akipewa moja.

Mirjam alijaribu. Alikuja kupiga kengele karibu kila siku. "Hermien, wewe unajua kila kitu, yule wa kumi na saba kwa nini hafungui mlango?" "Hermien, ukizunguka nami mara moja tu..." Siku moja mwezi wa nne wa mradi, Hermien alikuwa ametoka kuona kwenye gazeti la wilaya picha ya Mirjam chini ya maneno makubwa, *Moyo wa Spoelstraat*. Kengele ikalia. Akafungua mlango nusu.

"Sikiliza, jirani," alisema. "Mambo ya mradi wako usinipigie tena kengele. Nimepeleka barua miaka thelathini na moja, nimechoka kusimama milangoni. Niahidi."

Uso wa Mirjam ukawa mwekundu mpaka masikioni. "Nimekuelewa. Nakuahidi."

Naye akatimiza. Wiki tatu kengele haikulia, na Hermien akagundua kwamba kila siku saa tano alikuwa anaisikiliza.

Jumanne moja ya Oktoba Lambert alikuja kwa mlango wa nyuma, kama kawaida yake, akasimama jikoni na kofia mkononi. Ana miaka themanini na moja, mrefu, amepinda kidogo juu kama taa ya barabarani.

"Keshokutwa wananitoa mtoto wa jicho," alisema. "Mtoto wa dada yangu ananichukua alfajiri, narudi saa kumi jioni. Mapazia nitayaacha yamefungwa, mwanga unaniumiza. Nakwambia wewe tu."

"Mimi tu?"

"Wewe ndiye jirani yangu wa kwanza. Hao wengine wakijua wataniletea maua na kadi, kila mtu atataka kuingia." Akaikunja kofia. "Sitaki watu ndani, Hermien. Unajua."

Alijua. Tangu Truida afariki hakuna aliyeingia sebuleni kwa Lambert, hata yeye. Hakuuliza kwa nini.

"Nenda salama," alisema. "Mimi nipo."

Siku mbili zile alitembea kama mtu aliyeficha dhahabu kifuani. Wewe tu.

Alhamisi saa nne, Gait alikuwa mjini kwenye bwawa la maji ya moto, akinyoosha goti. Tableti yake ilikuwa juu ya meza ya jikoni, imeegemea kopo la sukari, na ilianza kulia. Hermien hakuwa kwenye lile kundi la simu. Alikuwa amekataa. Lakini kusoma kitu kinacholia chini ya pua yako, nani atakulaumu?

Mirjam alikuwa ameandika: *Mapazia ya Lambert namba 24 bado yamefungwa na gazeti halijachukuliwa. Kengele hajibu, simu hajibu. Kuna mtu yeyote anayejua?*

Hermien aliisoma mara mbili. Mtu yeyote. Yeye hakuwa mtu yeyote.

Toos akaandika: *Muulizeni Hermien!!*

Mirjam akajibu: *Hermien aliniomba nisimpigie kengele kwa mambo ya mradi. Nilimwahidi. Nampigia polisi wa mtaa, ndivyo karatasi inavyosema.*

Hermien akajimiminia kahawa. Aliwaza kwamba alikuwa ameambiwa siri, na siri haitolewi. Hilo lilikuwa kweli, na aliligeuzageuza ulimini kama pipi. Lakini chini yake kulikuwa na jambo lingine lenye ladha zaidi. Waje. Waje wasimame hapo mlangoni, Mirjam na kizibao chake, moyo wa Spoelstraat, aseme kwa mdomo wake mbele ya watu kwamba bila Hermien haendi popote. Angefungua mlango taratibu na kusema maneno matano: Yuko hospitali, atarudi saa kumi. Aliyajaribu kwa sauti ndogo. Yalikuwa mazuri.

Nje sauti zikaongezeka. Kupitia pazia aliwaona Mirjam, Toos, wanaume wawili wenye vizibao, kisha baiskeli ya Jorrit, polisi wa mtaa, kijana mwenye ndevu chache. Kwenye tableti maneno yaliendelea kushuka kama mvua kwenye kioo. *Maskini. Alionekana mchovu Jumapili. Mungu wangu.* Dakika kumi zikapita. Thelathini. Kahawa ilipoa bila kunywewa.

Ndipo kengele yake ikalia. Alikuwa Jorrit, ambaye hakuwa amemwahidi mtu chochote.

Ile sauti! Wiki tatu alikuwa ameingoja, na ilipofika hakutaka iishe haraka. Wamengoja kuniita, wangoje na kufunguliwa. Akafungua kamba ya aproni. Akaikunja mara mbili. Akapita kwenye kioo cha ukumbini, akatengeneza nywele, upande mmoja, upande wa pili. Kengele ikalia tena. "Nakuja," alisema, kwa sauti ambayo mtu wa nje asingeisikia.

Na wakati mkono wake ukiwa kichwani, kelele ya Mirjam ikatoka ua wa nyuma, upande wa pili wa ukuta.

"Namwona! Jorrit, namwona kwenye upenyo wa pazia! Yupo kitandani, hatikisiki! Lambert! Lambert!"

Miguu ikakimbia. Hermien alipofungua mlango, barazani kwake hapakuwa na mtu. Pigo la kwanza lilikuwa limeshatua kwenye mlango wa ishirini na nne, na ukuta wa tofali moja ulitetemeka mpaka sahani zikagongana kabatini.

"Hayupo!" alipiga kelele. "Acheni! Hayumo ndani!"

Pigo la pili likameza sauti yake. Mlango ukaenda.

Sebuleni kwa Lambert, katikati ya chumba, pale ambapo watu wengine wanaweka sofa, kulikuwa na kitanda cha watu wawili. Upande mmoja ulikuwa umevurugika, wa mtu aliyeamka alfajiri. Upande wa pili, chini ya blanketi, lilikuwa limelazwa gauni la kulalia la Truida, mito miwili ndani yake, mkono mmoja wa gauni umewekwa juu ya blanketi kwa upole, kama mkono wa mtu aliyelala. Kando kulikuwa na vikombe viwili. Kimoja kilikuwa kimejaa.

Mirjam alisimama na mikono mdomoni. Toos, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, hakusema kitu. Nyuma yao watu wa gari la wagonjwa aliloliita Jorrit, vizibao, na majirani kumi na wawili barabarani wakinyoosha shingo. Wote waliona. Hermien naye aliona, kutoka mlangoni, na alielewa kwamba Lambert alikuwa anakilinda kile kitanda dhidi ya macho ya dunia nzima, na dunia nzima ilikuwa imeingia na viatu vyake.

Walipigilia ubao mlangoni. Saa kumi gari dogo likasimama. Lambert alishuka na kitambaa cheupe juu ya jicho, akaushika mkono wa mtoto wa dada yake, akautazama ubao kwa jicho moja.

Mirjam akamwendea mbio, tayari analia. "Ni mimi, Lambert. Mimi ndiye niliyesema tuvunje. Nilidhani umekufa. Nisamehe, sikujua, hakuna aliyejua."

"Hakuna aliyejua," Lambert alirudia.

Jicho lake lile moja lilipita juu ya vizibao, likapita kwa Toos, likasimama kwa Hermien. Halikuwa na hasira. Lilikuwa linamtafutia njia ya kutokea.

"Hukuwepo nyumbani, siyo, Hermien?" aliuliza. "Ulikwenda sokoni. Leo Alhamisi."

Kila mtu alimtazama. Ilikuwa rahisi kama kupokea kikombe mkononi. Ndiyo, sokoni. Hakuna ambaye angeuliza zaidi.

"Nilikuwepo," Hermien alisema.

"Hukusikia kengele, basi."

"Nilisikia."

Toos akavuta pumzi. Lambert alitikisa kichwa polepole, mara moja, akaingia ndani kwa mlango wa nyuma. Mirjam hakulia tena. Alimgeukia Hermien, na wema wote ulikuwa umemtoka usoni.

"Ulijua," alisema. "Tumesimama hapa dakika arobaini. Ulikuwa hapo nyuma ya pazia, na ulijua!"

"Wewe uliahidi kutoniuliza."

"Na wewe ukaniacha nitimize? Toka mbele yangu, mama. Toka, nisije nikasema neno."

Usiku maneno yalikuwa ya Gait. Aliisoma tableti yake, akaiweka chini kwa uangalifu mkubwa.

"Ilikuwa wazi hapa mezani," alisema.

"Ndiyo."

"Ungeandika neno moja. Hata kwa jina langu."

"Ningeandika kwa jina lako," Hermien alisema, "wangekushukuru wewe."

Gait alimtazama mke aliyeishi naye miaka arobaini na mitano kana kwamba ndiyo kwanza anamwona. Kisha akasogeza kiti, akakaa karibu naye, mabega yakigusana.

Jumapili, watu walipokuwa wametoka kanisani, Lambert alitoka kwa mlango wa mbele, ule mpya ambao haujapakwa rangi. Alikuwa amevaa koti jeusi, na chini ya kwapa alibeba chupa ya pombe kali ya mreteni iliyofungwa kwa karatasi. Hermien alikuwa dirishani. Mtu yeyote wa Twente akimwona mwanamume amevaa hivyo, na chupa, Jumapili mchana, anajua anakwenda kumwomba mtu awe jirani wake wa kwanza.

Hakugeuka upande wa ishirini na mbili. Alivuka barabara, hatua fupi fupi, mkono mmoja mbele kwa sababu ya jicho, akapiga kengele ya namba ishirini na tano. Mirjam alifungua. Akaingia. Saa nzima.

Hermien hakuondoka dirishani hiyo saa nzima. Maumivu yalianzia mahali fulani chini ya mbavu, yakapanda. Alikuwa ameonea wivu picha ya gazeti, jemu, kicheko, hata kizibao cha Gait. Sasa alijua kwamba hivyo vyote vilikuwa mazoezi.

Jumatatu saa tano kengele ililia. Safari hii alifungua mara moja, na unga mikononi.

Mirjam hakutabasamu. "Sijaja kwa mambo ya mradi," alisema. "Ingawa nimeongeza mstari kwenye karatasi, kabla ya polisi: uliza jirani wa kwanza. Nimekuja kwa sababu Lambert aliniomba, tukanywa, nikampa mkono. Halafu nikaenda kulala nikagundua sijui nimekubali nini. Huwa anafanya nini, jirani wa kwanza?"

"Muulize Toos."

"Toos aliongea nusu saa nikaelewa kidogo. Nimekuja kwako. Bado nina hasira na wewe, nakwambia ukweli, kila nikikumbuka lile gauni nataka kupiga mlango huu teke. Lakini yule mzee usiku wa kwanza atakaougua, atagonga wapi? Mimi sina ukuta naye. Nina barabara."

Hermien alisimama na unga wake. Angeweza kufunga mlango, na mlango ukifungwa, vitu vyote vya Lambert vingebaki kwake, vyote, salama kama barua zisizopelekwa.

"Ingia," alisema.

Hakumpa kahawa kwanza. Alianza kusema akiwa amesimama, kavu, kama anayesoma anwani, na Mirjam akaandika nyuma ya bahasha. Gazeti lake uliingize mlangoni kabla ya saa tatu, ukiona bado liko nje saa nne, zunguka nyuma. Usiitie kahawa yake maziwa. Supu ya njegere anakula, ila akatiwe soseji vipande vidogo, meno hayamo. Ukimpa kitu atasema hapana, mpe tena. Akikaa kimya usijaze kile kimya. Habari ya kitanda usiitaje kamwe, wala usijidai hukukiona. Akigonga ukuta mimi nitasikia, na mimi nitakuja kukuita. Nitavuka barabara nikuite. Niandikie namba yako.

Kila alichokitoa alikiona kikihama. Kilikuwa chake, kinapita kwenye kalamu, kinakuwa cha mwingine. Mirjam aliandika haraka, kichwa chini, na Hermien alimtazama utosini pale nywele zinapogawanyika na kumchukia waziwazi, kwa utulivu, huku akiendelea kusema.

Bahasha ilijaa. Mirjam akasimama.

"Ndiyo yote?"

Kulikuwa na moja. Hermien alikuwa ameliacha kwa makusudi, amelikunja, amelikalia. Tarehe tisa ya mwezi wa tatu ni siku ya kuzaliwa Truida. Siku hiyo Lambert huja kwa mlango wa nyuma saa nane, hasemi kwa nini, wanakula keki bila mishumaa, na akiondoka humshika Hermien bega. Hilo ni la mlango wake wa nyuma. Hilo asingempa mtu.

"Ndiyo yote," alisema.

Mirjam akashukuru, akatoka. Alikuwa ameshafika katikati ya barabara. Hermien aliuona mgongo wake, mwembamba ndani ya koti la kijani, akamwona pia Lambert akilini mwake, mwezi wa tatu, amesimama nje na kofia yake, hajui aelekee mlango upi.

"Wewe!" aliita kutoka barazani, kwa ukali kiasi kwamba Toos alifungua dirisha la juu. "Rudi. Kuna tarehe."

Mirjam alirudi mpaka kwenye ngazi. Bahasha ilikuwa imejaa pande zote mbili, kwa hiyo aliandika kwenye kiganja. Hermien alimwambia siku, saa, keki, bila mishumaa. La bega alilisema mwisho, akitazama pembeni.

"Na wewe utakuwepo siku hiyo?" Mirjam aliuliza.

"Sijaalikwa bado."

"Nitamuuliza."

"Usimuulize. Oka tu keki kubwa."

Manyunyu yalikuwa yameanza. Mirjam akavuka tena, safari hii akitembea polepole, ameukinga mkono wake ndani ya koti ili maandishi yasilowe. Hermien alimfuata kwa macho mpaka mlango wa ishirini na tano ukafungwa, na akauonea wivu hata ule wino.